KUZAMA, KUZAMIA, KUZIMIA
Somo la maneno ya wapiga mbizi

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili, mwenyeji wa Newala, aliandika katika insha yake sentensi hii: "Alfajiri mjomba wa rafiki yangu alizama baharini, na saa nne akarudi nyumbani na pweza wawili." Iliposomwa darasani, vijana wa Msimbati na Mikindani walivunjika mbavu kwa kicheko. Mmoja akauliza, "Ni mzimu gani huo urudio na pweza?" Maskini mwenye insha akaona haya, akainama.

Juma lililofuata mmoja wa wale waliocheka aliandika naye: "Mpiga mbizi wa siku hizi hubeba mgongoni mtungi wa oksijeni." Safari hii hakuna aliyecheka, kwa kuwa hakuna aliyeliona kosa. Walakini kosa la kwanza lilichekesha tu. Kosa la pili, likitoka katika daftari likaingia baharini, laweza kuua mtu.

Ndipo nilipoona yafaa niandike somo hili. Shule yetu ina watoto wa uwanda wa juu wa Makonde, ambako maji ni ya shida, na watoto wa pwani waliojua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Wa kwanza hawayajui maneno ya bahari. Wa pili wayajua kwa mazoea bila kuyapima. Neno la kuweka moyoni tangu mwanzo ni hili: katika kazi ya kupiga mbizi kila jina na kila kitendo kina kanuni yake ndani, na ajuaye maana kwa hakika amekwisha jua nusu ya kanuni.

1. MANENO YA VITENDO

Kuzama ni kwenda chini ya maji bila kutaka. Jiwe huzama, mtumbwi uliotoboka huzama, na mtu asiyejua kuogelea huzama. Huyo akikosa msaada twasema amekufa maji.

Kuzamia ni kwenda chini kwa kusudi, kufuata kitu. Twasema: "Wamezamia chaza," au "Amezamia nanga iliyonasa mwambani." Tazameni jinsi irabu moja iliyoongezwa ilivyobadili habari yote: azamaye amechukuliwa na maji, lakini azamiaye ana haja yake huko chini, na ana nia ya kurudi.

Mtendaji wa kazi hii ni mzamiaji. Lakini angalieni, kwa kuwa katika miji ya bandari neno hilo limepata maana ya pili: mzamiaji pia ni mtu ajifichaye melini ili asafirishwe bila ruhusa wala nauli. Basi mkitaka kuepuka utata, semeni mpiga mbizi.

Kupiga mbizi ni kutia kichwa chini na kwenda ndani ya maji. Msilichanganye na kuchupa, ambako ni kuruka kutoka mahali pa juu, mathalani kutoka gatini au juu ya mashua, na kuangukia majini. Mtu aweza kuchupa asipige mbizi, na aweza kupiga mbizi bila kuchupa. Tena, mtu asichupe kamwe mahali asipojua kina chake, hasa maji yanapokupwa. Wengi wamevunjika shingo kwa kuchupa penye maji ya magoti.

Kuibuka ni kutokeza juu ya maji wewe mwenyewe. Kuibua ni kukitokeza kitu kingine. Kuopoa ni kukitoa kabisa majini kitu kilichozama au kilichotumbukia. Mzamiaji huibuka, huibua kombe, watu wa mashuani humsaidia kuopoa nanga.

Maneno haya huyasikia hata watu wa bara siku ya msiba. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, wakafa watu zaidi ya 200. Siku mbili baadaye wapiga mbizi walimkuta mhandisi mmoja wa kivuko akiwa hai ndani, mahali palipobakia hewa. Magazeti yaliandika kuwa miili iliopolewa, na kwamba yule mhandisi aliokolewa. Wafu na vyombo huopolewa. Aliye hai huokolewa. Siku ile, tofauti ya maneno hayo mawili ilikuwa kubwa mno kwa jamaa waliongoja ufukoni.

2. MANENO YA BAHARI

Wahenga walisema: Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mpiga mbizi hapana budi ayajue maji kabla hajayaingia.

Kina ni urefu wa kwenda chini. Kilindi ni mahali penye kina kikubwa. Wazee wetu hupima kina kwa pima: nyosha mikono yote miwili, na toka ncha ya vidole vya mkono mmoja hadi ncha ya vidole vya mkono wa pili ni pima moja, yapata mita 1.8. Chombo cha kupimia ni bildi, yaani kamba yenye kipande cha risasi mwishoni. Basi mita 10 ni kama pima tano na nusu. Ishikeni hesabu hiyo, tutaihitaji.

Kujaa na kupwa ni kupanda na kushuka kwa maji, ambako kwetu hutokea mara mbili kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu tofauti yaweza kufika mita 3 au zaidi. Katikati ya bamvua mbili ni maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo. Bamvua ni siku za akina mama wa Msimbati kwenda mwambani kuchokoa pweza na kuokota kombe kwa miguu. Kwa mpiga mbizi bamvua ni siku za hadhari, kwa kuwa maji mengi yapitayo katika milango myembamba ya miamba huwa mkondo wenye nguvu. Mzamiaji mwenye akili hungoja maji yasimame, yaani ule muda mfupi kati ya kujaa na kupwa.

Uko pia mkondo mkubwa usiotokana na mwezi. Mkondo wa Bahari ya Hindi utokao mashariki huifikia Afrika karibu na Rasi Delgado, kusini kidogo ya mlango wa Mto Ruvuma, kisha hugawanyika: sehemu moja huenda kaskazini kupitia mbele ya Mtwara, na nyingine huenda kusini upande wa Msumbiji. Ndiyo sababu nje ya miamba yetu mtu hawezi kushindana na maji kwa mikono mitupu.

Maji maangavu ni yale yaonyeshayo mbali. Maji yaliyotibuka ni yenye tope au mchanga uliokorogwa. Mvua za masika zinapoujaza Ruvuma, mto huleta tope jingi, na bahari iliyo karibu na mlango wake hutibuka. Upepo nao una sehemu yake. Kusi, ivumayo takriban tangu Aprili au Mei hadi Septemba, huchafua bahari. Kaskazi ya Novemba hadi Machi huwa pole zaidi. Na kati yake ni maleleji, majira ya pepo zisizo na msimamo, ambapo aghalabu bahari hutulia.

Matumbawe ni mawe ya baharini yaliyojengwa na wadudu wadogo walio hai. Msidhani ni mawe tu, maana mpiga mbizi akiyakanyaga huvunja kazi ya miaka mingi. Matumbawe, nyasi za baharini na mikoko ndiyo yaliyofanya Serikali itangaze, mwaka 2000, Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye ukubwa wa kilometa za mraba 650 hivi.

3. MANENO YA PUMZI NA MWILI

Sasa twaingia mahali ambapo somo la Kiswahili na somo la Fizikia hukaa dawati moja.

Kanieneo ni nguvu ya kugandamiza juu ya eneo. Juu ya nchi hewa hutugandamiza kwa kanieneo ya angahewa moja. Majini, kila mita 10, yaani kila pima tano na nusu, huongeza angahewa moja nyingine. Chukueni puto lenye lita 4 za hewa. Lishusheni mita 10, hewa itakuwa lita 2. Lishusheni mita 30, itabaki lita 1 tu. Hewa haikupotea, imebanwa. Mkilirudisha juu, itakuwa lita 4 tena.

Ndiyo sababu ya masikio kuuma. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna nafasi ndogo yenye hewa. Maji huisukuma ngozi ile kwa ndani, na maumivu huanza hata katika mita 2 au 3. Kusawazisha masikio ni kubana pua, kufunga mdomo, na kupuliza polepole ili hewa ipite katika kijia chembamba kitokacho kooni hadi sikioni. Ukisawazisha na maumivu yasiishe, panda juu. Wako vijana wasemao kuwa mzamiaji wa kweli ni yule aliyekwisha "toboka masikio". Huo si ushujaa, ni ulemavu. Kiwambo kikipasuka chini ya maji mtu hushikwa na kizunguzungu asijue juu ni wapi, na baadaye huenda akawa kiziwi.

Kubana pumzi ni kuzuia hewa kifuani. Mzamiaji asiye na mtungi hutegemea pumzi moja tu. Wengine, ili wakae sana chini, huhema haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama kwa hiari yao. Hudhani wanajaza hewa. La, sivyo. Kinachotusukuma kutaka kupumua ni zaidi kuongezeka kwa kabonidayoksaidi mwilini, wala si kupungua kwa oksijeni. Ahemaye hivyo huitoa kabonidayoksaidi, akaliondoa onyo. Huko chini oksijeni humwishia bila yeye kusikia haja ya kuvuta pumzi, na mara huzimia.

Basi hapa pana neno la tatu la kichwa cha somo hili. Kuzimia ni kupotewa na fahamu. Juu ya nchi, aliyezimia hupepewa akazinduka. Chini ya maji, aliyezimia huvuta maji akafa, na kifo hicho hakina kelele wala kutapatapa. Azamiaye peke yake akizimia, amekwisha zama. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kuzamia wawili wawili: mmoja chini, mmoja juu akimtazama.

Kanuni hiyo ni ya zamani. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Waafrika wengi waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Mashariki walifanyishwa kazi ya kuzamia lulu katika Ghuba ya Uajemi, mpaka biashara ile ilipodhoofika katika miaka ya 1930. Vyombo vyao vilikuwa jiwe la kuwashusha, kibano cha pua, kikapu cha chaza na kamba. Juu, mashuani, alikaa mtu wa kushika kamba, na mzamiaji alipoitikisa alivutwa mara moja. Hata katika kazi ile ya dhuluma, mzamiaji hakuzamia bila mshika kamba.

4. MANENO YA VYOMBO

Miwani ya kuzamia hufunika macho na pua pamoja. Miwani ya kuogelea hufunika macho tu, nayo haifai kwenda nayo chini. Sababu ni ile ile kanieneo: hewa iliyo ndani ya miwani hubanwa, miwani hunyonya macho, na mishipa midogo ya macho hupasuka. Mwenye miwani ifunikayo pua hupuliza hewa kidogo puani, mambo yakawa sawa.

Mrija wa kupumulia ni bomba fupi la kumwezesha mtu kuvuta hewa huku uso wake umo majini. Msijaribu kuurefusha ili mwende nao chini. Hata kwa urefu wa mita 1 tu kifua hushindwa kutanuka kwa uzito wa maji, tena mtu huvuta upya hewa chafu aliyoitoa.

Mapezi ni viatu vipana vya mpira. Jina limetokana na pezi la samaki. Mkanda wa risasi ni mkanda wenye uzito wa kumsaidia mtu kwenda chini. Watoto wa siku hizi wakisikia risasi hufikiri bunduki, lakini risasi ni madini yale mazito ya kijivu, ambayo ndiyo yaliyotumika kutengenezea vitu viitwavyo risasi vya bunduki. Mkanda huo uwe na kifungo cha kufunguka kwa mkono mmoja, ili mwenye shida autupe. Boya huelea juu kuonyesha vyombo vyenye mashine kwamba chini yake yuko mtu.

Mtungi wa hewa ndio neno tulilolingoja. Zamani mtungi ulikuwa chombo cha udongo cha kutilia maji. Leo ni pia chombo cha chuma au alumini kilichotiwa hewa iliyoshindiliwa. Mwaka 1943, katika Ufaransa, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza chombo cha kuipunguza nguvu ya hewa hiyo ili mtu aivute kwa kiasi chake kila apumuapo.

Nini kilicho ndani ya mtungi? Watu husema "gesi". Sisi wa Mtwara twajua gesi ni nini: ni ile iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, ipelekwayo Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2015. Mtu akiivuta hiyo hatarudi. Wengine husema "oksijeni", kama yule mwanafunzi wetu. Hapana. Ndani ya mtungi wa kawaida mna hewa hii hii tuivutayo darasani, ambayo katika kila sehemu 100 ina naitrojeni 78 na oksijeni 21. Oksijeni tupu, mtu akiivuta kupita kina cha mita 6 hivi, yaweza kumtia degedege huko huko majini. Hospitalini ni dawa, chini ya bahari ni sumu. Kijana aliyefundishwa kuwa mtungi ni wa oksijeni, siku moja akapewa mtungi wa hospitali, atauamini jina.

Mwenye mtungi ana kanuni mbili zisizo na msamaha.

Ya kwanza: asibane pumzi kamwe. Ile kanuni ya mzamiaji wa pumzi moja hugeuka kabisa. Aliyejaza mapafu lita 4 katika kina cha mita 10 akapanda huku amebana pumzi, hewa ile yataka kuwa lita 8. Mapafu hayana nafasi hiyo, yatapasuka.

Ya pili: aibuke polepole, asipite mita 9 kwa dakika, tena apumzike dakika 3 katika kina cha mita 5. Chini ya kanieneo kubwa naitrojeni huingia katika damu na nyama. Ukipanda polepole hutoka kwa pumzi. Ukipanda upesi hutoka povu mwilini, kama chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla. Dalili zake ni maumivu makali ya viungo, ganzi, kizunguzungu na kupooza. Huu ndio ugonjwa wa wapiga mbizi.

Wazazi, hapa nasema nanyi. Sheria za uvuvi za Tanzania hazikubali kuvua kwa mitungi ya hewa, lakini wako watu wawatafutao vijana wenye mbizi nzuri, wakawavisha mitungi bila kuwafundisha neno hata moja, kwa ajili ya majongoo bahari. Hali kadhalika wapiga baruti. Bomu likilipuka, kifuko cha hewa cha samaki hupasuka, na wengi huzama badala ya kuelea; ndipo vijana huagizwa kuwazamia. Kijana akirudi pwani akapooza, huenda wengine wakadhani ametupiwa jini, wakamkanda kwa mafuta siku tatu. Msingoje. Mlazeni, mpelekeni hospitali saa ile ile, na mmwambie daktari maneno haya kamili: "Alikuwa akipumua hewa ya mtungi chini ya maji, akapanda upesi." Daktari akiyasikia atajua kuwa ni wa kupewa oksijeni bila kuchelewa, na kutafutiwa chumba cha mgandamizo. Asipoambiwa atatafuta malaria. Hata kama mwaogopa sheria, semeni.

MAZOEZI

(a) Jazeni kwa neno moja: kuzama, kuzamia, kuzimia, kuibuka, kuibua au kuopoa.
1. Mtumbwi ulijaa maji, ukaanza ______.
2. Alihema sana kabla ya kwenda chini, nusura ______.
3. Wavuvi sita walisaidiana ______ mashine ya boti iliyoanguka gatini.
4. Babu alijua ______ chaza tangu ujana wake.

(b) Elezeni tofauti: kuchupa na kupiga mbizi; bamvua na maji mafu; miwani ya kuogelea na miwani ya kuzamia.

(c) Mtu ana lita 6 za hewa mapafuni juu ya maji. Akibana pumzi, akishuka mita 20 zitakuwa lita ngapi?

(d) Kwa nini asiye na mtungi hubana pumzi, na mwenye mtungi hukatazwa? Jibuni kwa mistari mitano.

(e) Wakati wa likizo waulizeni wazee wa Msangamkuu, Mikindani, Msimbati na kwingineko maneno matano ya bahari yasiyomo humu. Yaandikeni pamoja na maana zake, myalete. Walio wa bara wasijione wageni: yule mwandishi wa Newala amekwisha leta kumi na moja, na tumeyaweka ukutani darasani.

Mwalimu wa Kiswahili